Uyoga wa Kipaimara cha Lucky

Moshi mjini, Jumatatu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mvua hizi zimekukuta salama, na goti halikusumbui unapoinama kukama. Mimi mzima, na kazi ya ukarani inaendelea, ila bado natetemeka bosi akiita jina langu. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Mdogo wangu Loveness, tafadhali msomee Mama polepole, mkiwa wawili tu.

Uyoga uliompa Efraimu wa gari la maziwa ulifika vizuri, umefungwa kwenye jani la mgomba. Kwa harufu ile jirani yangu Raya aligonga mlango, akauliza ni mgeni gani anapikiwa. Nikamwambia asubiri nimenye ndizi.

Wakati wa kuusafisha niliugeuza mmoja mmoja, kama ulivyonifundisha kule juu karibu na msitu. Mmoja ulikuwa na kifuko cheupe shinani, alama ya uyoga wa sumu. Ndio ule ambao wewe, Mama, ulikuwa ukinipiga kofi mkononi nikiugusa, ukisema huo hauombi radhi.

Ulipopiga simu kuuliza, nilisema ulikuwa mtamu. Nisamehe, Mama, sikuuonja. Niliutupa wote, nikasugua sufuria niliyouoshea mpaka vidole vikauma, na Raya akala ndizi tupu huku akinung'unika.

Tangu hapo silali vizuri. Nyumbani kwetu aliyechuma ndiye huonja kwanza, wengine husubiri hadi kesho yake. Ijumaa utachuma uyoga wa kipaimara cha mdogo wetu Lucky, na jioni utaonja peke yako.

Mama, macho yako yamechoka. Sasa naelewa kwa nini miwani hupotea kila barua yangu ikifika, na kwa nini msomaji ni Loveness siku zote. Hakuna Machame nzima anayekuzidi kwa uyoga, ndiyo maana nimeogopa kukuambia hili kuliko ninavyomwogopa bosi.

Leo nimemwomba ruhusa ya Ijumaa. Alicheka, akasema ya msiba ameizoea, ya harusi pia, ya uyoga ndiyo kwanza anaisikia. Lakini ametoa.

Usiende kuchuma kabla sijafika. Wewe utatangulia, maana pua yako na miguu yako inajua uyoga ulipojificha. Mimi nitaugeuza. Tukirudi, andaa sahani mbili za kuonja, kwa kuwa tutakuwa tumechuma wawili.

Msalimie Lucky. Nawe Loveness, ukimaliza kusoma usiondoke haraka, kaa naye kidogo.

Binti yako akupendaye,
Yuditha