Jino la Mshenga

Kihesa, Iringa
5 Juni 2024

Mwanangu Tumpe,

Ugonile. Huku tu wazima, ila baridi ya mwaka huu inatutafuta mifupa. Mama yako anakusalimu. Mimi pia mzima, isipokuwa jino.

Jino la mbele, la juu, limekatika kwa muhindi wa kuchoma. Ndiyo maana sipokei simu zako. Nikisema lolote, hewa inapita penye pengo napiga filimbi kama refa, na mama yako hucheka mpaka anakaa chini. Sitaki na wewe unicheke kwa vocha yako. Tuandikiane tu, Sedekia wa basi atapeleka na kurudisha.

Shida ni hii. Tarehe 22 mimi ndiye mshenga wa Asukile, mtoto wa marehemu rafiki yangu. Nitasimama mbele ya ukoo wa mchumba wake, Blessing, watu wa maneno mengi wale, nimposee mke. Nikipiga filimbi pale, watacheka mpaka wasahau tulichofuata, na kijana wa watu atakosa mke kwa ajili ya mdomo wangu. Daktari Yusta amekichonga kisiki kilichobaki, akachukua kipimo, akanipa kofia ya muda ya plastiki, ambayo nimeimeza Jumapili pamoja na makande. Ya kudumu, alisema, hutengenezwa Mwanjelwa na fundi mmoja binti, hodari kweli. Nikauliza jina. Akakutaja wewe.

Mwanangu, kanisani wanajua wewe ni daktari. Ulisema unafanya kazi ya meno, mimi nikamalizia. Basi nitengenezee, ila kimya kimya.

Baba yako


Mwanjelwa, Mbeya
8 Juni 2024

Shikamoo baba,

Pole sana, na mpe mama pole ya mbavu. Mimi mzima. Kipimo chako kilifika kabla ya barua. Nilikitazama tu nikasema, meno haya nayajua, yamenikaripia miaka ishirini.

Baba, mimi si daktari na sijawahi kusema ni daktari. Nachora jino kwenye kompyuta, mashine inalichonga kutoka kwenye kipande cha unga ulioshindiliwa, kinaitwa zirkonia, laini kama chaki. Nalichonga kubwa kuliko linavyotakiwa, karibu robo zaidi, kwa sababu likiingia kwenye tanuri linasinyaa na kuwa gumu kuliko jiwe. Bibi alifanya hivyo hivyo na vyungu vyake kule Matema. Wewe ndiye uliyenisimulia maneno yake, kwamba chungu kibichi kina majivuno, moto ndio unaokipa kimo chake.

Nitumie picha ya meno yako, upigwe nje mchana, nilinganishe rangi.

Mwanao Tumpe


Kihesa, Iringa
11 Juni 2024

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mama yako ana mafua kidogo, ila kucheka hakujampungua.

Habari za udongo usiniletee. Mama yangu alibeba vyungu kichwani mpaka shingo ikazama mabegani. Nikasoma, nikakusomesha, ili ukoo huu unawe mikono. Leo unaniandikia kwamba umerudi kwenye tanuri, tena kwa furaha.

Picha hiyo hapo. Usilinganishe chochote. Nataka jino jeupe kama sahani ya wageni. Usiniambie kwamba meno ya jirani yake yamekunywa chai miaka arobaini, nayajua. Sedekia atapita Ijumaa kulichukua.

Baba yako


Kihesa, Iringa
15 Juni 2024

Tumpe mwanangu,

Jino limefika jana jioni. Jeupe kweli, nakushukuru kwa utii. Ila lilikuwa la ng'ombe. Nilipojaribu kulivisha, mdomo ulikataa kufunga.

Nikasoma tena barua yako, nikaelewa: umeniachia kazi ya mwisho mwenyewe, unipime kama mimi kweli ni mtoto wa mfinyanzi. Basi asubuhi nikafanya kama mama. Kinyesi cha ng'ombe kikavu, nyasi juu, jino katikati ndani ya kigae. Nikawasha nyuma ya jiko. Majirani waliuliza napika nini, nikawaambia dawa ya mifugo.

Limetoka jeusi, limepasuka vipande viwili, na halikusinyaa hata chembe. Mama yako alicheka mpaka mafua yakapona. Mimi nililia, mwanangu. Ule moshi nilikuwa sijaunusa tangu nilipokwenda bweni. Sijui kama nililia jino au mama.

Zimebaki siku saba. Nisaidie.

Baba yako


Mwanjelwa, Mbeya
15 Juni 2024

Shikamoo baba,

Salamu ndefu nitaleta siku nyingine. Jana Sedekia alikuja nimetoka kula, akaona bahasha yenye jina lako mezani akaibeba. Hilo jino ni BICHI. Halijaingia tanurini. Usilivae, usilioshe, usilifanye chochote. Lirudishe kesho.

Mwanao Tumpe


Mwanjelwa, Mbeya
18 Juni 2024

Shikamoo baba,

Barua zetu zimepishana njiani, na yako imeniua. Niliwasomea wenzangu kazini, fundi mkuu ikabidi azime mashine.

Tanuri letu linafika nyuzi elfu moja na mia tano, kwa saa nane. Kinyesi cha ng'ombe, hata cha Uhehe, hakifiki huko. Lakini baba, ulivyoupanga moto ulipatia. Kigae, nyasi juu, yote. Nimesoma mahali hapo mara nyingi.

Jino jipya hili hapa, limeiva. Safari hii sikukutii. Nimelipaka rangi ya chai yako, na mstari mdogo kama ule wa jino la pili. Daktari Yusta atakugandishia Alhamisi. Likikuudhi, niudhikie mimi.

Mwanao, fundi


Kihesa, Iringa
23 Juni 2024

Mwanangu Tumpe,

Ugonile. Tumepewa mke. Asukile anatembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Nilizungumza saa nzima bila filimbi. Nilipoketi, shangazi yake Blessing akanisifu mbele ya wote, eti kwa umri wangu meno yote mazima. Ningenyamaza ingeisha. Nikasema, moja si langu. Akauliza lipi. Ukoo mzima ukanikagua kwa tochi ya simu, wakachagua la pembeni, ambalo ni langu tangu darasa la pili. Nikaumia, kazi yako isionekane na mimi nimeivaa. Nikawaonyesha kwa kidole.

Wakauliza ni daktari gani. Mwinjilisti wetu alikuwa amekaa pale pale, ananitazama. Nikasema, "Hakuna daktari. Ni binti yangu. Ni mfinyanzi, kama mama yangu."

Hakuna aliyecheka. Shangazi akauliza kama unapokea na wagonjwa wa Iringa. Mwinjilisti naye ameniomba namba yako, ana gego linamsumbua.

Vile vipande vyeusi sikuvitupa. Nimevitia kwenye chungu cha bibi yako, kile mama yako anachowekea chumvi. Amenuna, lakini havitoki.

Sasa simu napokea. Piga leo, nikusimulie haya yote tena kwa mdomo.

Baba wa fundi