Siku Baba Aliponifukuza Tena Kwaya

Shanwe, Jumapili, Agosti 1977

Wazo lilikuwa la dada yangu Fausta, kama kawaida: ati baba akiimbiwa, akili itatulia. Akaleta kwaya nzima ya parokia, wakamaliza sukari yangu ya mwezi.

Baba aliifundisha kwaya ile miaka ishirini. Siku hizi mimi, binti yake, ananiita "mama wa uji", na akishakunywa ananishukuru kama mgeni.

Walipoanza kuimba akakaa wima, mkono ukapanda, ukawaongoza bila kukosea. Fausta, mwenye sauti ya kusifiwa, akaimba mbele yake. Baba akatabasamu.

"Asante, mama. Umetoka parokia gani?"

Kwaya ikaendelea, nami nikajisahau, nikaitikia wimbo. Mkono ukasimama hewani.

"Veronika! Unaharibu tena! Nilishakufukuza kwenye kwaya, nenda ukapike!"

Kwaya nzima ikatazama chini. Fausta akalia. Wivu, nadhani. Tangu utotoni naionea aibu sauti hii, kumbe ndiyo pekee aliyoitunza akilini.

Nikaenda jikoni kama nilivyoagizwa. Nikasonga ugali huku nikiimba kwa nguvu, vibaya kadiri nilivyoweza, hadi akaniita tena kwa jina.