Mgeni wa Nyumba ya Kumi na Nne

Kwamkoro,
Jumapili, tarehe 9 Juni

Kwa Dada Miriamu,

Shikamoo dada. Kifua chako kinasemaje na baridi ya huko Lushoto? Na mguu wa shemeji umepona, au bado anautumia kukwepa palizi? Mimi ni mzima. Huku mvua haijaamua kuacha, chai inaota kama inafukuzwa, na mimi nashinda kwenye mizani nikipima majani. Ila bado nikimaliza kula nasema "asante Mama", ndipo nakumbuka kwamba chakula nimepika mwenyewe.

Ulisema niandike kwa sababu simu ikikatika katikati ya habari unakasirika, na kwa sababu unataka karatasi ya kumsomea Mjomba Yakobo. Basi msomee yote, hata panapomhusu.

Najua fundi anangoja maneno ya kuandika kaburini. Najua pia Mjomba anataka Mama aandikwe jina lake tu, kwa kuwa baba wa Mama alimwacha kwa shangazi, aliyemzaa Mjomba, akiwa na miaka mitatu na hakuonekana tena. "Mtu aliyemkana mwanawe haandikwi," ndivyo alivyosema mbele ya watu matanga hayajaisha. Lakini Mama pale hospitali alinishika mkono akaniambia, "Elia, unafanya kazi kule kule alikokuwa baba yangu. Mtafute. Nisizikwe kama niliyeokotwa." Tumeshamzika, dada, na neno hilo bado linanidai.

Tulichokijua kilikuwa kidogo: aliitwa Kupaza, alipasua kuni za kukaushia chai, na alikuwa na kovu kidevuni. Nikaenda kwa Mzee Mhando, anayetunza ghala la vitu vya zamani hapa shambani. Humo mna madaftari ya wakati wa Mwingereza, ya kuhesabu watu kambi kwa kambi, nyumba kwa nyumba.

"Babu yako alikuwa mtu wa namna gani?" akaniuliza.

"Sijui mzee, ndiyo maana namtafuta."

"Kama alikuwa na akili, humu humpati. Kuhesabiwa ilikuwa ndiyo kutozwa kodi. Karani akitokea huku, wenye akili wanatokea kule."

Nimekula vumbi Jumapili tatu, dada, mpaka mchungaji akaniulizia. Jumapili ya tatu nikampata. Karani alikuwa ameandika: "Nyumba ya kumi na nne. Kupaza, mpasua kuni. Hayupo. Aliyekutwa ni mgeni, mwanamume, ana kovu kidevuni."

Nikafungua daftari la mwaka uliofuata. "Kupaza, hayupo. Aliyekutwa ni mgeni yule yule."

La mwaka wa tatu: "Kupaza, hayupo. Mgeni ametorokea dirishani."

Mzee Mhando alicheka hadi akavua miwani. "Kijana, huyu mgeni ndiye babu yako!" Mimi nilikuwa nimeshajua. Unakumbuka sensa ile karani alipobisha hodi, Mama akajibu toka jikoni, "Hakuna mtu!"?

"Sasa anayejibu ni nani, mama?"

"Ni mimi, ila napita tu."

Nyumba aliyoishi miaka arobaini! Ukatoka wewe mbio kumwomba yule binti karani msamaha, na Mama akakununia wiki nzima kwamba umemuuza kwa serikali.

Lakini nilipomaliza kucheka roho ilinyong'onyea. Katika nyumba ile hapakuandikwa mtoto hata mahali pamoja. Nikaona hapa Mjomba amepata ushahidi: mtu anayejikana mwenyewe atashindwaje kumkana mwanawe? Nikaanza kurudisha madaftari.

"Umemtafuta panapotozwa," Mzee Mhando akasema. "Sasa mtafute panapogawiwa."

Akashusha daftari jembamba. Kumbe enzi hizo baridi ya Juni ikibana, kambi ilikuwa ikigawiwa mablanketi, na mwenye watoto wengi alipewa mengi. Dada, jina la kwanza kabisa, mbele ya kambi nzima, ni la babu yetu. Nakuandikia kama lilivyo:

"Kupaza, mpasua kuni, nyumba ya kumi na nne. Yupo. Mke amefariki. Watoto wanne: Ruti, Ruti, Ruti mdogo, na Ruti mchanga."

Pembeni karani ameongeza kwa wino mwekundu: "Mtoto aliyeonekana ni mmoja, amembeba mgongoni. Apewe mawili. Asirudi." Na chini yake kuna alama ya dole gumba.

Nilicheka, kisha nikakaa juu ya gunia. Angeweza kutaja Ana, angeweza kutaja Maria. Hakuwa na jina jingine kinywani ila la Mama.

Tukatazama na hesabu ya masika yaliyofuata. "Nyumba ya kumi na nne, tupu. Mwenyeji amefariki kwa homa. Mtoto alipelekwa kwa shangazi yake, Lushoto, mwenyeji alipozidiwa." Mzee Mhando akavua kofia. "Safari hii," akasema, "hakuwa amejificha."

Sasa nisikilize. Lile blanketi la kijivu lenye mstari mwekundu, ambalo Mama alikuja nalo toka utotoni na wewe unalitandika mezani ukipiga pasi: Mzee Mhando anasema ya namna hiyo ndiyo yaliyokuwa yakigawiwa, hata yeye alilalia moja. Usilipigie pasi tena. Lifue, ulianike, halafu mpe Mjomba alishike unapomsomea barua hii.

Na fundi aandike: "Ruti, binti wa Kupaza." Mjomba akibisha, mwambie picha ya dole gumba ninayo kwenye simu.

Msalimie shemeji na mguu wake, na wapwa zangu wote. Msalimie jirani yetu Mama Hadija, aliyekuwa akimletea Mama uji kila asubuhi. Na Mjomba umpe shikamoo yangu, sina kinyongo naye.

Likizo yangu iliishia msibani, kwa hiyo siku ya kujengea kaburi nitakuwa huku kwenye mizani. Mkianza kuhesabu waliofika, tafadhali mnikumbuke. Semeni nipo.

Mdogo wako,
Elia