Figa la Mama wa Rangwe

Dada yangu Akinyi,

Mko salama huko Nakuru? Mimi mzima, ila jua la Rangwe limenichoma hadi masikio.

Ulinicheka nilipoondoka na sumaku kutafuta mawe ya vimondo. Basi, moja nimeliona! Ni figa jikoni kwa mama mmoja hapa. Baba mkwe wake aliliona likianguka shambani. Sumaku ililing'ang'ania kabisa! Nikamwomba aniuzie.

"Mama mkwe alinipa hili jiwe nilipoolewa," akasema. "Nikikupa, nitapikia wapi? Keti ule."

Waambie watoto mjomba wao amekula ugali uliopikiwa juu ya nyota. Jiwe sikupewa, na sumaku yangu amebaki nayo: anaokotea sindano zake.

Nimewakumbuka sana.

Ndugu yako, Owuor