Tani Nane Mlangoni

Kasulu, Alhamisi, Julai 1997

(Nimeyanakili humu kutoka daftari langu la zamani. Majigambo nimeyaacha kama yalivyo.)

Leo asubuhi ilikuwa baridi ya kiangazi, ile ya kuvuta shuka mpaka puani, na vumbi jekundu lilikuwa bado limelala kwa umande. Sasa ni saa kumi na moja jioni. Nimekaa kizingitini, daftari liko magotini, na nakuambia wewe kabla sijamwambia mtu yeyote.

Nimeshinda.

Nitajitahidi kuandika kwa mpangilio, ingawa mkono unataka kurukia mwisho. Nimekaa nje ya gari siku tisa, nimesimamishwa udereva. Chanzo ni Daktari wetu mpya, aliyekuja kutoka Dar es Salaam kuhudumia kambi za wakimbizi. Nilimpeleka Kibondo na kumrudisha, na aliporudi alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa usafiri kulalamika kwamba ninakimbiza gari. Mkuu wa usafiri ni Bwana Rajabu, mtu wa Tanga, mpole wa sauti na mgumu wa maamuzi. Akaniita, akaniuliza kama nilifika kilomita tisini kwa saa.

Nikasema ndiyo, nilifika. Sikuona sababu ya kudanganya. Greda lilikuwa limepita juzi yake kati ya Makere na Busunzu, barabara imenyooka, nyumba hakuna, mbuzi hakuna. Bwana Rajabu akanyoosha kidole dirishani, kwenye mlango wa pikapu yangu.

"Bibie, mlango umeandikwa themanini kwa rangi nyeupe. Hukusoma?"

Shirika letu lina kanuni moja isiyo na huruma: dereva akizidi mwendo wa sheria, anaondoka. Nikavua funguo shingoni, nikaambiwa nisubiri kikao. Funguo akapewa dereva mwenzangu Sefania, ambaye siku hiyohiyo alisogeza kiti changu nyuma na kutupa jivu la sigara kwenye kile kikopo ninachowekea pipi za safari.

Naomba nikiri jambo. Sikuwa naogopa njaa. Kwetu Muyama kuna shamba, na mama yangu hajawahi kunifungia mlango. Niliogopa kurudi kuwa "yule binti aliyewahi kuendesha". Madereva tuko kumi na wawili, mwanamke niko peke yangu, na siku nilipoajiriwa waliwekeana dau kwamba masika yakianza nitaomba kazi ya jikoni. Masika mawili yamepita. Usukani ndio jina langu mjini hapa.

Kwa hiyo sikukaa nyumbani kulia. Nilikwenda mahakamani kumwomba karani anionyeshe sheria ya barabarani. Kitabu ni cha Kiingereza na hakitoki nje, ila aliniruhusu kukaa kwenye benchi la mashahidi nisome. Nina kidato cha nne na kamusi iliyochanika herufi ya mwisho. Nilikwenda siku tatu. Watu waliokuja na kesi za mipaka ya mashamba walinidhania mshitakiwa sugu.

Siku ya tatu nikaielewa. Ndani ya makazi ya watu, hamsini kwa kila gari. Nje ya makazi, ile themanini ni ya magari ya biashara na ya abiria ambayo uzito wake wa juu unaoruhusiwa, gari pamoja na mzigo, umezidi kilo elfu tatu na mia tano. Gari lililo chini ya hapo halifungwi na themanini. Haijalishi leo umebeba nini. Hata ukienda mtupu, kinachohesabiwa ni ule uzito ambao gari limeruhusiwa kufika.

Sisi madereva tumekuwa tukibishana miaka yote kijiweni, mmoja anasema themanini ni ya kila gari la kazi, mwingine anasema ukishusha mzigo unakuwa huru. Wote tulikuwa tunapiga porojo.

Lakini furaha yangu haikufika mbali. Niliukumbuka mlango. Chini ya ile themanini umeandikwa uzito: kilo 8,200. Tani nane na ushee. Nimekwisha, nikajisemea, na karani akanipa pole bila kujua ya nini.

Nikarudi nikipitia gereji yetu, nikasimama nje ya uzio kama mtu aliyefiwa. Pikapu yangu ilikuwa imeegeshwa ubavuni mwa lori la chakula. Nikasoma mlango wa lori. Kilo 8,200. Nikasoma mlango wa pikapu. Kilo 8,200. Nikarudia, nikadhani ni uchovu wa Kiingereza.

Lori lile linameza magunia ya mahindi ya kambi nzima. Pikapu yangu ukiipakia magunia kumi na mawili inaanza kuguna. Zitakuwaje na uzito mmoja?

Hapo nikaelewa pia kwa nini mlinzi wa daraja la magogo la njia ya kambini huwateremsha abiria wangu kila safari wavuke kwa miguu. Husoma mlango, anaona tani nane, anapiga filimbi. Miaka miwili wauguzi wamevuka daraja lile wamebeba viatu mkononi, nasi tukaona ndiyo desturi ya huko.

Marehemu baba alikuwa dereva wa misheni, na alinifundisha kwamba gari lina kibati chake chini ya boneti, kimegongwa kiwandani, kina uzito wake wa kweli. Cha kwangu sikuwahi kukisoma kwa sababu hufunikwa na mafuta na vumbi, nami nilikuwa mvivu wa mambo yasiyoendesha gari. Na sasa nilikuwa nimesimamishwa, siruhusiwi kugusa gari. Leo nimeingia kwenye kikao bila kujua kibati kinasema nini.

Kikao kilianza saa tatu. Bwana Rajabu katikati, mhasibu kushoto akiandika kumbukumbu, Daktari kulia akikwepa macho yangu. Nilipoulizwa kama nina la kusema, nilisoma kifungu cha sheria kwa Kiingereza changu cha Kasulu, kisha nikakieleza kwa Kiswahili. Halafu nikasema:

"Mkuu, naomba twende nje tukafungue boneti."

Bwana Rajabu alitaka kukataa, nilimwona. Lakini mhasibu alikwisha kusimama, mama wa watu alichoka kuandika. Tukatoka. Madereva wote ghafla wakawa na kazi karibu na pikapu yangu, huyu anapima upepo wa tairi lenye upepo wake, yule anafuta kioo kilichokwisha kufutwa. Sefania akafungua boneti. Nikachovya kitambaa kwenye petroli, nikasugua mpaka namba zikatokea.

Kilo 2,640.

Sikuisoma mimi. Nilimwachia Bwana Rajabu. Aliisoma kimoyomoyo, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaisoma tena kwa sauti. Akatazama mlango. Akatazama lori. Kisha akauliza kwa upole ule wa Tanga ni nani aliyeandika upuuzi huu.

Fundi rangi alikuwa hapohapo uani, anapaka ukuta wa stoo. Anaitwa Zakaria, alivuka kutoka Burundi akiwa kijana na sasa ana wajukuu hapa Kasulu. Alikuja akifuta mikono kwenye kaptura, akasikiliza, wala hakushtuka. Akachomoa pochi, na ndani ya pochi karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mimi, chef, nilipewa papier moja. Mukaniambia gari zote zifanane, ziwe propre, safi. Nikazifananisha."

Karatasi ilikuwa na namba za lori. Na chini yake, kwa wino wa bluu, sahihi ya Bwana Rajabu mwenyewe. Zakaria ameitunza miaka miwili akingoja siku atakayoulizwa, maana ameishi vya kutosha kujua kwamba fundi ndiye hulaumiwa.

Magari saba, namba moja. Laiti pikipiki ya posta ingekuwa na mlango, nayo ingeandikwa tani nane.

Aliyeanza kucheka ni mhasibu. Kisha wote. Bwana Rajabu, namsifu kwa hili, alicheka pia, ingawa masikio yalimwiva. Akachukua funguo kwa Sefania, akaniwekea mkononi mbele ya wanaume kumi na mmoja, akasema kosa limefutwa. Ewe daftari, sijawahi kuvishwa pete, lakini nadhani ndivyo mkono unavyokuwa.

Mmoja tu hakucheka. Daktari. Alinisogelea wakati wengine wakimtania Zakaria, akaongea taratibu kama anayempa mgonjwa majibu.

"Dada Dafroza, mimi pale kwenye tambarare sikuogopa. Niliogopa Makere, sokoni. Ndicho nilichomwambia mkuu. Akaniuliza namba, na namba niliyoikumbuka ilikuwa ile tisini."

Makere ilikuwa siku ya gulio. Niliingia pale na mshale wa mwendo ukiwa kwenye sabini, kwa sababu nilichelewa na kwa sababu nilizoea watu kukimbia wanaposikia honi yangu. Kulikuwa na mama mwenye beseni la unga wa muhogo. Aliruka pembeni, unga ukamwagika wote, na katika kioo nilimwona amesimama mweupe mpaka nyusi. Nilicheka. Hilo ndilo ambalo sikutaka kuliandika, na ndilo ninaloliandika. Nilicheka mpaka Busunzu, na Daktari pembeni yangu akiutazama mshale.

Funguo zilikuwa mkononi. Kumbukumbu zilikwisha kufungwa. Ningeweza kuondoka zangu na ushindi wangu, na hakuna hata mmoja pale ambaye angenidai neno.

Lakini nilikuwa nimekaa siku tatu kwenye benchi la mashahidi nikiitafuta sheria initetee. Siwezi kuishika pale inaponibeba tu, na kuitupa pale inaponikamata. Nikaziweka funguo juu ya boneti. Nikamwomba mhasibu afungue tena daftari lake.

"Andika hivi, mama. Ndani ya Makere nilikwenda sabini. Pale ni hamsini kwa kila gari, liwe na tani nane au lisiwe nazo. Kosa hilo ni langu."

Sefania alinitazama kama anayemtazama mtu aliyepagawa. Kanuni ya shirika naijua, na ningeweza kupoteza kila kitu dakika tano baada ya kukipata.

Bwana Rajabu akamwuliza Daktari anataka nini, kwa kuwa mlalamikaji ni yeye. Daktari akasema hataki nifukuzwe. Akasema amesafiri na madereva wengi, na huyu ndiye wa kwanza kumsikia akitaja kosa ambalo halikuandikwa popote. Bwana Rajabu akawaza, akasema kwa anayejishtaki mwenyewe onyo linatosha, akaniandikia barua ya onyo, ambayo nimeipokea kwa mikono miwili. Halafu akatoa amri: Jumamosi nitawasomesha madereva wote sheria ya mwendo, mimi mbele na wao kwenye mabenchi, na Zakaria aanze leo kuandika milango upya, gari moja moja, kwa kufuata kibati.

Waliowekeana dau la masika watakaa mstari wa mbele. Nimeshaamua.

Mchana nilimsomea Zakaria namba, naye akachora. Alitoa ulimi nje kidogo kila alipofika kwenye sifuri. Mlango sasa unasema kweli, na mlinzi wa daraja atawaacha wauguzi wangu wavuke wamekaa.

Nikirudi Makere nitamtafuta yule mama. Nitamwuliza beseni lake lilikuwa la kiasi gani, nitampelekea unga mwingine, na nitasimama hapo mpaka amalize kunisema. Hilo halikuandikwa kwenye barua ya onyo. Nimejipangia mwenyewe.

Kabla ya kufunga ofisi nilikwenda kutazama ubao wa safari. Safari ya kesho ni Kibondo, na abiria ndiye huandika jina la dereva anayemtaka. Wengi huandika Sefania, kwa sababu anajua hadithi nyingi.

Daktari ameandika Dafroza.