Jeki ya Mashine na Shati Lililochanika

Mama watoto,

Mjinga wa leo ni mimi, usihangaike kutafuta mwingine. Chai ipo kwenye chupa. Mtu yeyote asipite chini ya mashine ya boti, nimeiegemeza kwenye gogo tu.

Uliniambia niifunge kamba kabla ya kufungua ile jeki kuukuu inayoinyanyua. Nikakujibu kwamba mashine hii niliijua kabla sijakujua wewe. Nilipochomoa pini ya jeki, mashine ikashuka yote kwa kishindo, ikavikosa vidole vyangu kwa kidogo tu, kwa kuwa ulinivuta shati. Nami badala ya ahsante nikakufokea eti umelichana. Samahani. ~~Ukipata nafasi lishone.~~ Basi, nitalishona mwenyewe.

Mwili umechoka, mke wangu. Nimeenda kutafuta boliti, za zamani zimeliwa na kutu. Jeki mpya nitaifunga jioni, peke yangu. Usije kusimama pale, utanitia wasiwasi bure.

Baba watoto

Baba watoto,

Huyo uliyemjua kwanza alitaka kukukata vidole. Uliyemjua baadaye ndiye aliyekuvuta. Jioni kamba naishika mimi.

Mama watoto