Kopo la Kaka Reginald

Akheri, Meru
3 Juni 1996

Kaka Reginald,

Shikamoo. Sisi wazima, kikohozi cha mama kimepoa. Kopo la unga wa asidi amino limefika. Viatu vya kukimbilia ulivyoniahidi bado.

Mwalimu Evaresta ametufundisha kwamba asidi amino ndizo zinazojenga protini, na kwamba mahindi na maharage yakiliwa pamoja hukamilishana. Kwa hiyo makande ya mama yananitosha. Asante hata hivyo.

Mdogo wako,
Elinaza

Dar es Salaam
15 Juni 1996

Mdogo wangu,

Marahaba. Mpe mama pole.

Biashara sasa ni huria, maduka yamejaa vitu vya nje, nawe unanihubiria makande! Kunywa unga huo kila baada ya mazoezi, misuli ipone haraka. Ukishinda mbio za mkoa, piga picha umeshika kopo, niitundike dukani kwangu. Picha ikifika, viatu vinapanda basi siku hiyohiyo. Bila picha, usahau.

Kaka yako,
Reginald

Akheri
8 Julai 1996

Kaka,

Shikamoo. Joto la huko linakutendaje? Huku ukungu umelala kwenye migomba.

Nimeshinda mita elfu tatu, peku. Usishangilie kwanza. Unga wako sijauonja. Mama alidhani ni maziwa ya kopo, akawatilia wanakwaya kwenye chai mpaka ukaisha. Mama Lesikar wa kwaya alisema, "Maziwa ya Reginald yana ladha ya chaki, lakini ni mtoto wetu, tunywe." Akaomba kikombe cha pili!

Mpiga picha alikuwepo, na kopo tupu lilikuwa kwenye mfuko wangu. Sikulitoa. Wateja wako wangeamini lilinikimbiza, na si kweli. Baki na viatu vyako.

Mdogo wako,
Elinaza

Akheri
29 Agosti 1996

Kaka,

Shikamoo. Hujajibu, natumaini ni kazi tu wala huumwi. Mama anakuulizia kila jioni.

Nimechaguliwa kwenda mbio za taifa, huko huko Dar, tarehe 14 Septemba. Nitakimbia peku. Mama amenifungia mahindi na maharage nikupikie mwenyewe, maana anasema umekonda.

Ameyatia kwenye kopo lako. Basi njoo uwanjani na mpiga picha. Safari hii nitalishika, tena nitalifungua kifuniko, watu waone kilichomo.

Mdogo wako yuleyule,
Elinaza